Nakubali Kabisa

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimeiona njia ya kutokea. Imekuja saa nne asubuhi ndani ya boksi la karatasi, mikononi mwa Afisa kutoka Ofisi ya Elimu.

Dada mdogo, miwani mikubwa, sauti ya chini. Alisimama mbele yetu katika ofisi ya walimu akaeleza kwamba wanataka kupima kazi zetu zikoje, ari yetu ikoje, na tumeridhika kiasi gani. Hakuna aliyecheka, ingawa Mwalimu wa Historia alikohoa kwa muda mrefu. Kila mfanyakazi, kuanzia mwalimu hadi mlinzi, atapewa dodoso lenye sentensi arobaini. Mbele ya kila sentensi kuna namba, moja hadi tano. Moja ni nakataa kabisa. Tano ni nakubali kabisa. Unazungushia namba yako, basi. Huandiki jina, isipokuwa kama wewe ni mratibu, yule anayegawa na kukusanya fomu.

Nilikuwa nasinzia. Kisha akasema jambo lililonikalisha wima. Kitengo cha takwimu cha Ofisi kina nafasi moja, na itajazwa na mmoja wa waratibu wa dodoso hili.

Ofisi iko mjini. Mjini ndiko anakofundisha mke wangu, na ndiko anakokulia binti yetu bila mimi. Miaka sita sasa. Kufika kwao ni siku nzima na nusu ndani ya basi, kwa hiyo naonana nao likizo tu. Nimeandika barua tatu za kuomba uhamisho. Kimya. Mwezi uliopita binti alimwambia mwenzake kwamba baba yake ni wa kwenye simu. Mke wangu alinisimulia kama kichekesho. Nikacheka vizuri tu, halafu nikaenda kukaa chooni nusu saa.

Mkuu wa shule ameteua waratibu wawili. Mimi, kwa kuwa natunza ratiba na takwimu. Na mwalimu wa kemia, ambaye kwa ulimi wake tunamwita Tindikali. Wafanyakazi ni ishirini na sita. Kila mratibu ana kumi na watatu, naye mwenyewe akiwemo. Tindikali hata hakuomba kuteuliwa. Alikuwa anamenya chungwa.

Nafasi moja, waratibu wawili. Sijala mchana.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Afisa alisisitiza kwamba wanataka majibu ya kweli. Nimekula mshahara wa serikali miaka kumi na tisa. Najua wakisema hivyo wanataka nini. Nani atampa kazi mtu aliyemletea bahasha ya vilio? Watu wangu kumi na watatu lazima wawe na furaha, na furaha yenyewe iandikwe.

Nimegawa fomu. Balaa. Historia aliuliza kama kuna posho. Wa jiografia aliuliza kama fomu ina namba ya siri ya kumtambua. Nikamlia kiapo kwamba haina. Akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, akaitia kwenye begi na kufunga zipu. Mama Muhuri, karani wetu, ambaye hapitishi karatasi bila kuinyanyasa kwanza, alisema sentensi ya saba inamuuliza kama kazi yake ina mambo mengi tofauti. Akaniuliza mimi naonaje, huku simu inalia, mzazi anagonga dirisha na mashine imetafuna barua ya Mkuu.

Wanahitaji ari. Na ari ninayo mimi, kwenye droo. Ratiba!

Mchana nilimfuata Historia kwenye kibaraza cha darasa lake. Nikamnong'oneza kwamba mtu akinirudishia dodoso mapema, lenye namba nzuri nzuri, huenda akajikuta hana kipindi Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Macho yalimng'aa. Nilikuwa sijawahi kumwona na macho ya namna ile tangu aanze kazi hapa. Kuona imefaa, nikamwahidi na wa jiografia. Na wa michezo. Na wa kilimo. Hadi kengele ya kufunga nilikuwa nimewaahidi watu tisa.

Niko nyumbani sasa. Naitazama Ijumaa. Walimu wa mchana kwa kawaida ni kumi. Nikitoa tisa anabaki mmoja, na huyo mmoja ni mimi.

Nitalipanga hili baadaye.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Zimerudi fomu saba. Nilijifungia stoo ya vitabu nikazichungulia. Najua hairuhusiwi. Nilichungulia kwa ajili ya ubora wa takwimu.

Moja. Mbili. Moja. Moja. Mbili. Nikakaa juu ya boksi la madaftari. Haya ndiyo malipo ya Ijumaa yangu? Historia, ambaye tumefunga naye mapatano uso kwa uso, amezungushia moja kwenye kuridhika na vifaa, na pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba chaki ananunua mwenyewe. Wa kilimo ameandika kwamba jembe la shule ni moja, na anakaa nalo Mkuu. Mwingine, sijui nani, alifika sentensi inayosema kazi yake inabadili maisha ya watu. Akazungushia tano. Akaikata. Akazungushia tatu. Akaikata. Mwisho akarudi kwenye tano. Hiyo niliitazama sana, sijui kwa nini.

Nikasikia vicheko nje. Vilitoka maabara. Huko Tindikali anawaita watu wake mmoja mmoja, anawapa kiti na kikombe cha chai, anawaacha wasome wenyewe, halafu anawasikiliza. Basi. Huo ndio mpango wake wote. Mlinzi alitoka pale anatabasamu, akaniambia bila kuulizwa kwamba kazi yake inatumia stadi nyingi mno: anafungua geti, anahesabu watoto, anaziba mabomba, anaamulia ugomvi wa wazazi. Amejaza tano kila mahali, na amezijaza kwa moyo.

Mtu mwenye furaha kuliko wote shuleni, na yuko upande wa Tindikali.

Nikaenda kupendekeza tubadilishane. Anipe mlinzi, nimpe Historia na wa kilimo juu. Tindikali aliuliza tangu lini watu wanabadilishwa kama madawati. Halafu akaniuliza shemeji hajambo, na mtoto je. Nikamjibu wazima. Akasema kazi ya takwimu yeye haitaki, ana maabara yake na inamtosha, kwa hiyo nisihangaike.

Mtu hakatai nafasi kama ile hivi hivi. Hapo kuna mtego.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimeumbuka.

Nilikuwa nimeandika rasimu ya ratiba mpya, kwa penseli tu, nijionee hali. Niliiacha kwenye mashine ya kunakili. Mama Muhuri akaikuta, akaipiga muhuri, akaibandika kwenye ubao wa matangazo. Anasema karatasi ikiachwa kwenye mashine yake ni tangazo. Saa tatu watu tisa walikuwa wamesimama mbele ya ubao, kila mmoja akitafuta jina lake na kukuta la mwenzake. Nilitaka kurudi nyuma taratibu. Wa michezo akaniona. Yule hakimbiliki.

Historia alisema mbele ya wote kwamba amewahi kudanganywa na watu wengi, ila kudanganywa kwa vipindi viwili vya Ijumaa ni dharau. Wote saba waliorudisha fomu wakazidai. Nikawapa. Wakaongozana nazo moja kwa moja hadi maabara kwa Tindikali, kwa mstari, kama wanafunzi wanaokwenda kupigwa picha.

Mkuu aliniita. Hakufoka. Ni afadhali angefoka. Alisema ratiba inabaki ile ile ya zamani, na kwa kuwa nina huruma kubwa na walimu wa Ijumaa mchana, kesho niwashikie vipindi vyote peke yangu. Watoto wote waingie ukumbini.

Jioni mke wangu alipiga simu. Nikamweleza kila kitu, nikitia chumvi kidogo sehemu za Tindikali. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kwa nini nisimfuate yule Afisa nimwambie tu kwamba nimeomba uhamisho mara tatu, nina mke na mtoto mjini, naomba wanisaidie. Nikamwelewesha kwamba mambo ya Ofisi hayaendi hivyo. Ukisema shida yako waziwazi wanakuona huna mbinu.

Nikamsikia akifunga mlango. Halafu akasema amechoka. Hakusema na nini. Alisema kila Januari anamwambia mtoto mwaka huu baba anahamia, na mwaka huu mtoto alimkatiza akamwambia aache kusema hivyo.

Nimeshindwa kula tena. Lazima nifanye jambo.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Watoto mia tatu na arobaini. Mimi mmoja. Viti mia mbili.

Sitaki kuandika zaidi ya hapo. Sauti haipo.

Lakini katikati ya zile kelele, wakati kidato cha pili wanapitisha kiatu cha mtu kutoka mkono hadi mkono, wazo lilinijia. Afisa aliacha fomu kumi na tano za akiba. Ziko stoo, nami ndiye mwenye ufunguo. Watu wangu hawataki kuridhika? Nitaridhika kwa niaba yao.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Kumi na tatu mara arobaini ni miduara mia tano na ishirini. Nimeanza baada ya chai ya asubuhi, nimemaliza saa tisa alasiri. Kidole cha kati kimevimba.

Siyo kazi ya kijinga. Nimetumia kalamu nne. Miduara ya wa michezo nimeifanya mikubwa, ya haraka haraka. Ya wa jiografia midogo, yenye wasiwasi. Ya Mama Muhuri nimeipiga kwa mkono wa kushoto, ionekane ina hasira. Na sikujaza tano tupu, mimi siyo mtoto mdogo. Kila baada ya tano sita nimeweka nne moja. Mtu anayejua takwimu anajua kwamba binadamu hapendi kila kitu sawasawa.

Fomu ya kwanza nilianza kuzisoma sentensi moja moja, kwa makini. Sentensi tamu. Napenda kazi yangu. Nina uhuru wa kuamua jinsi ya kufanya kazi yangu. Sikumbuki zilivyoendelea, maana baada ya kumi za kwanza macho yalianza kuruka mistari. Lakini sentensi ni zile zile kwa watu wote. Usome mara kumi na tatu za nini?

Yangu niliijaza ya mwisho, na nikaweka jina, sahihi na namba ya ajira kama mratibu anavyotakiwa. Tano, kuanzia juu hadi chini. Mratibu asiyeridhika watampeleka wapi?

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Afisa amepita kuchukua bahasha. Yangu ilikuwa imefungwa kwa gundi, kingo zimenyooka, kwa nje nimeandika idadi kwa wino mweusi. Ya Tindikali ilikuwa mfuko wa karatasi. Ndani fomu zimekunjwakunjwa, moja ina alama ya kikombe.

Afisa alizitia zote mbili begini. Akauliza kama mimi ndiye mwenye zile barua tatu za uhamisho. Hapo ningeweza kusema ndiyo, mama, ni mimi, na haya ndiyo yaliyonikuta. Lakini nikakumbuka kwamba mwombaji haajiriwi kitengo cha takwimu. Nikacheka kiutu uzima. Nikamwambia barua zile ni za zamani, siku hizi nimetulia, najitolea kwa kituo changu.

Akasema aha. Akaandika kitu kwenye daftari lake.

Nilivyomjibu nimejisikia mtu kweli. Nimempigia mke wangu kumwambia aanze kuangalia nyumba yenye chumba cha ziada. Akaniuliza kama nilimwambia Afisa ukweli. Nikasema nilimwambia kwa njia ya kitaalamu.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Naandika kwa shida.

Afisa amerudi. Tuliitwa ofisini kwa Mkuu, mimi na Tindikali. Alitoa fomu zangu akazipanga mezani kama karata. Kwa sauti yake ile ya chini akaeleza kwamba katika sentensi arobaini, kumi na tano zimegeuzwa makusudi. Mtu aliyeridhika anatakiwa azikatae. Zimewekwa pale ili kumnasa anayezungushia bila kusoma.

Kisha akazisoma. Kulingana na bahasha yangu, watu kumi na watatu wa shule hii wanapenda kazi yao kabisa, na kila asubuhi wanafikiria kabisa kuiacha. Wana uhuru kabisa, na wanabanwa kabisa. Wanaamini kazi yao ina maana, na wanaona ni kupoteza muda. Akafika sentensi ya thelathini na moja: mkuu wangu wa shule hajui kazi yake. Kumi wamekubali kabisa. Watatu wamekubali tu.

Mkuu aliuliza hao watatu ni kina nani, awashukuru.

Sikuona pa kuuficha uso. Nikaanza kusema kwamba binadamu ni kiumbe mwenye mgongano wa ndani. Afisa akanyanyua mkono. Akasema shule ina wafanyakazi ishirini na sita na amepokea fomu thelathini na tatu. Zile saba walizoninyang'anya zilikuwa kwenye mfuko wa Tindikali, zikiwa na chaki, jembe na kila kitu. Akasema ndizo fomu bora alizopata mwaka huu. Zina huzuni, lakini zina watu ndani. Chaki zinakuja, na jembe litarudi.

Nikadhani yameisha. Hayakuwa yameisha.

Aliniambia kwamba mwalimu wa kemia aliikataa nafasi ya takwimu tangu siku ya kwanza, akaomba nipewe mimi kwa sababu ya familia. Naye Afisa alikuwa amekubali, hadi alipofungua bahasha. Nikamgeukia Tindikali. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Halafu akatoa fomu yangu mwenyewe, ile yenye sahihi. Akasema nafasi ya takwimu kando, yeye alizikuta barua zangu zile tatu kwenye faili, akaona haya, akaniingiza kwenye orodha ya uhamisho. Shule ile ile anayofundisha mke wangu ilikuwa na nafasi. Kamati ilikaa Alhamisi. Wakaomba uthibitisho kwamba bado nataka. Yeye alikuwa na maneno yangu ya kwamba nimetulia, na alikuwa na sentensi ya arobaini.

Akaisoma. Ningependa kubaki katika kituo hiki hadi nistaafu. Nakubali kabisa. Duara langu limezungushwa mara mbili, kwa kukolezea.

Nafasi amepewa mtu mwingine.

Nilitaka kueleza kwamba wakati ule macho yalikuwa yamechoka, nikaona hata kulisema ni aibu. Mkuu ndiye aliyenivutia kiti. Tindikali alinisindikiza hadi getini bila neno, yeye mwenye ulimi ule.

Nilimpigia mke wangu. Nilimwambia yote, safari hii bila chumvi. Hakulia, hakunigombeza. Aliuliza tu, nilipoisoma ile sentensi ya mwisho, nilifikiria nini. Nikamwambia sikuisoma. Akasema haya. Akasema chumba cha ziada alikuwa amekipata, jana alimpeleka mtoto akakione, wakakubaliana vitanda vikae upande gani. Kisha akasema anakwenda kusahihisha madaftari.

Nimekosa mke na mtoto kwa kalamu yangu mwenyewe. Nimeyaandika hapa ili nisije nikajidanganya.

Jumanne, tarehe 18 Machi

Afisa hana roho mbaya. Kabla ya kuondoka jana alimwachia Mama Muhuri ujumbe wa kunipa. Kamati inakaa tena baada ya miezi mitatu. Niandike ukurasa mmoja, kwa maneno yangu mwenyewe, kwa nini nataka kuhama. Uwe mezani kwake Ijumaa.

Mama Muhuri alinipa karatasi safi bila kunisumbua hata kidogo. Hapo ndipo nilipojua nina hali gani.

Mke wangu alituma ujumbe mchana. Mfupi. Andika sentensi moja tu ya kweli, uisaini, uitume leo.

Nimekaa mezani tangu saa kumi. Nimeiandika. Nataka kuishi na mke wangu na mtoto wangu. Ni sentensi nzuri. Nimeisoma mara tatu, kila neno, maana sasa mimi ni msomaji makini.

Lakini nikiitazama vizuri, ni sentensi ambayo mtu yeyote angeweza kuiandika. Haina mashiko. Kamati itasema hawa wote wana wake na watoto. Kinachomhamisha mtu haraka siyo kutaka kuondoka. Ni wenzake kutaka aondoke. Shule ikilia kwamba mwalimu fulani hafai, barua haikai wiki. Nimewahi kushuhudia. Na jina langu hapa kwa sasa limekwisha kuchafuka lenyewe, nusu ya kazi imefanyika.

Niliinuka mara moja nikapita ofisi ya walimu kupima upepo. Historia alikubali kusaini barua ya kunilalamikia kabla sijamaliza kueleza. Wa kilimo aliomba aongeze aya. Lakini walimu peke yao hawatoshi, Ofisi itadhani ni majungu. Panahitajika wazazi. Wazazi wengi, wenye uchungu, kila mmoja na mwandiko wake.

Karatasi niliyonayo ni moja tu, ile yenye sentensi yangu. Nimeigeuza. Upande wa nyuma nimeanza kuandika majina ya wazazi wanaonichukia. Nimefika wa kumi na moja, na kila barua nitakayowaandikia nitaisoma mwanzo hadi mwisho kabla ya kuisaini.